Dawa ya Kulegeza Misuli: Ni Nani Anayempumulia Mgonjwa?

Katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia na kamati za afya za vijiji, tulimwomba mhudumu wa dawa ya usingizi kutoka hospitali ya misheni azungumze juu ya mambo yanayotendeka katika chumba cha upasuaji. Haya ndiyo aliyotuambia. Someni pamoja kikundini, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

 

Sikuja kuwafundisha kutibu. Nimekuja kuwaeleza juu ya dawa moja ambayo baadhi yenu mmeshadungwa bila kujua. Mtu akitoka hospitali ukimwuliza alifanyiwa nini, anasema, "Nilipewa nusukaputi, nikalala, nikaamka wodini." Ni kweli, lakini mara nyingi ile nusukaputi si dawa moja. Kuna dawa ya kumlaza mtu, kuna dawa ya kuzuia maumivu, na kuna ya tatu: dawa ya kulegeza misuli. Hii ya tatu ndiyo nataka tuijue leo. Inasaidia sana, na inaua upesi ikikosa mwangalizi.

Si kila operesheni inaitumia. Mama anayejifungua kwa upasuaji akidungwa sindano ya mgongo, mara nyingi haihitaji kabisa. Lakini mtu akipasuliwa tumbo kwa sababu ya utumbo uliojisokota, au akiumia vibaya barabarani, huenda akaihitaji.

KAZI YAKE NI GANI?

Tumbo la mtu, hata akiwa usingizini, linaweza kukaza kama ngozi ya ngoma. Daktari hawezi kufanya kazi ndani yake vizuri. Pia koo hukataa kupitisha ule mpira wa kupeleka hewa mapafuni. Zamani, ili misuli ilegee, ilibidi mgonjwa aongezwe dawa ya usingizi nyingi sana, na wengine hawakuamka. Dawa ya kulegeza misuli iliondoa shida hiyo. Mgonjwa hupewa usingizi wa kiasi, na misuli hulegezwa kwa dawa yake yenyewe.

Sasa sikilizeni kwa makini. Dawa hii haichagui kusema nitalegeza tumbo tu. Inalegeza mikono, miguu, ulimi, kope za macho, na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao ndio tunaovutia pumzi. Moyo unaendelea kupiga, kwa sababu msuli wake ni wa namna nyingine. Ubongo unaendelea kufanya kazi. Lakini pumzi inakatika. Kuanzia dakika hiyo, lazima mtu mwingine ampumulie mgonjwa, ama kwa kufinya mfuko wa hewa kwa mkono, ama kwa mashine. Asipofanya hivyo, ubongo unaanza kuharibika katika dakika chache tu.

MJUMBE NA KITI

Niwaeleze inavyofanya kazi. Ukitaka kuinua jembe, ubongo unatuma habari kupitia mshipa wa fahamu. Mshipa ukifika kwenye msuli hauugusi. Kuna nafasi ndogo katikati. Hapo mshipa unatoa mjumbe, yaani kemikali, naye anavuka na kuketi kwenye kiti chake juu ya msuli. Akiketi, msuli unakaza. Kisha wafagiaji waliopo hapo wanamwondoa mara moja, na kiti kinabaki wazi kwa mjumbe mwingine.

Dawa hizi ziko za aina mbili. Aina ya kwanza, kama vekuroniamu na atrakuriamu, huja ikaketi kwenye kile kiti na kunyamaza. Mjumbe akifika anakuta kiti kimekaliwa. Habari haifiki, msuli unalegea.

Aina ya pili ni suksamethoniamu. Hii inaketi, inapiga kelele mara moja, mwili wote unatetemeka kidogo, halafu inakataa kuondoka na msuli unalegea. Inaanza kufanya kazi katika muda wa dakika moja hivi, na kwa kawaida inaisha katika dakika 5 hadi 10 kwa sababu damu ina wafagiaji wake wanaoivunja. Ndiyo maana inatumika sana kwa dharura. Mtu akipewa hii anaweza kuumwa na mwili kesho yake kama aliyelima shamba zima. Msishangae.

Operesheni ikiisha, ile aina ya kwanza tunaiondoa kwa neostigmini. Hii inawashika wafagiaji mikono. Wajumbe wanajaa, wanaisukuma dawa kutoka kwenye viti, na mgonjwa anaanza kupumua mwenyewe. Asili ya maarifa hayo ni Afrika. Kule Calabar, Nigeria, kuna haragwe lenye sumu lililotumiwa zamani kuapisha watu. Mwaka 1900, daktari Jacob Pal wa Vienna aliona kwamba dawa iliyotoka katika haragwe hilo iliwarudishia pumzi wanyama waliolegezwa. Neostigmini ilitengenezwa baadaye kwa kuiga dawa hiyo. Siku hizi kuna dawa nyingine, sugamadeksi, inayoikamata vekuroniamu yenyewe kama kuku chini ya tenga. Ni nzuri, lakini bei yake ni kali.

ILITOKA WAPI?

Wazee wa Ukambani na Ugiriama wanajua sumu ya mishale. Ile yetu inatoka kwenye mti na inaua kwa kusimamisha moyo. Wawindaji wa Amerika ya Kusini walikuwa na sumu nyingine, kurare, ambayo haigusi moyo. Mnyama akichomwa analegea, anashindwa kupumua, anakufa.

Mwaka 1814 kule London, punda jike alipewa sumu hiyo akaanguka kama mfu. Wataalamu wakamtoboa koo na kumvuvia hewa kwa mivukuto kwa muda wa masaa kadhaa. Punda akainuka, akaishi hadi 1839. Hapo watu wakajifunza jambo ambalo ni msingi wa kazi yangu mpaka leo: sumu hii haiui yenyewe, kinachoua ni kukosa pumzi. Ukimpa aliyelegea hewa mpaka dawa iishe, atasimama.

Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla ya madaktari kuitumia kwenye upasuaji wa kawaida. Tarehe 23 Januari 1942, kule Montreal, Kanada, Dk. Harold Griffith na msaidizi wake Enid Johnson walimpa kurare kijana aliyekuwa akitolewa kidole tumbo. Upasuaji ulikwenda vizuri, na tangu hapo dawa za namna hii zikaenea duniani.

HAILAZI USINGIZI, HAIONDOI MAUMIVU

Wako waliodhani kwamba mtu akilegea kabisa, basi amelala. Mwaka 1947, daktari mmoja Mmarekani, Scott Smith, alijitolea alegezwe mwili mzima akiwa macho, huku wenzake wakimpumulia. Hakuweza kusogeza hata ukope. Alipozinduka aliwaeleza yote waliyosema na kumfanyia. Alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa amehisi maumivu yote.

Ndugu zangu, mtu aliyelegezwa hawezi kupiga kelele. Hawezi kukunja uso. Usingizi wake ukipungua katikati ya kisu, hana njia ya kutuambia. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulihesabu watu walioripoti wenyewe kwamba walizinduka wakati wa operesheni. Kwa waliopewa dawa ya kulegeza misuli, alikuwa mtu 1 kati ya 8,200 hivi. Kwa wasiopewa, alikuwa 1 kati ya 135,900. Mnaona tofauti? Ni jambo la nadra, lakini likitokea linamwacha mtu na jinamizi la miaka.

Kwa hiyo mhudumu wa usingizi hatakiwi kutoka kwenda kunywa chai. Anakaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, akiangalia mapigo ya moyo, presha, rangi ya ulimi, kifua kinavyoinuka, na kile kifaa kinachobana kidole kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Na mtu wako akitoka thieta akakuambia, "Nilisikia wakiongea, niliumwa," usimwambie anaota. Mpeleke kwa mkuu wa hospitali akaeleze. Asikilizwe na aandikiwe.

MAMBO YA KUMWAMBIA DAKTARI BILA KUFICHA

Hapa ndipo ninyi mnaweza kuokoa maisha, kwa sababu kuna mambo ambayo hakuna mashine itakayotuambia.

1. Habari za ukoo. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa wale wafagiaji wa damu. Mwenzao akipewa suksamethoniamu anapumua baada ya dakika 10, wao wanaweza kulala masaa bila kupumua wenyewe. Hali hiyo hurithiwa. Kuna pia wachache ambao mwili huwaka joto kali ghafla na misuli kukakamaa. Nayo hurithiwa. Basi, ikiwa ndugu yenu aliwahi kuchelewa sana kuamka, au alifia thieta, msiseme amerogwa mkanyamaza. Mwambieni daktari. Tukijua mapema tunatumia dawa nyingine. Na ikiwa wewe mwenyewe ndiwe ilikutokea, omba uandikiwe kwenye kadi, uitunze pamoja na kitambulisho.

2. Dawa za kunyunyizia. Hili linawahusu sana wakulima. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, kama malathioni na dayazinoni, na baadhi ya dawa za kuogeshea mifugo, zinawaua wafagiaji tuliotaja. Ndiyo maana mtu aliyekunywa au kuvuta nyingi anatokwa na mate na jasho, macho yanafifia, misuli inacheza, na mwishowe pumzi inashindwa. Mtu huyo akipewa suksamethoniamu inaweza kukaa mwilini masaa mengi. Ikiwa mgonjwa alikuwa akinyunyiza nyanya au kahawa siku hizo, au mnashuku alikunywa sumu, semeni waziwazi. Bebeni na ile chupa yenye lebo. Aibu ya nyumba haizidi uhai wa mtu.

3. Kuungua na kupooza. Aliyeungua sana moto siku chache au wiki kadhaa zilizopita, au aliyepooza miguu, akipewa suksamethoniamu moyo unaweza kusimama ghafla. Daktari ajue ni lini ilitokea.

4. Ugonjwa wa figo, ugonjwa wa kuishiwa nguvu za misuli, na dawa zozote anazotumia mgonjwa, za hospitali au za miti shamba.

5. Chakula. Koo likilegea, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Kwa operesheni ya kupangwa, kwa kawaida mtu hali kwa masaa 6, na maji matupu anaacha masaa 2 kabla. Mtoto anayenyonya huacha masaa 4. Fuateni mtakavyoambiwa na hospitali yenu. Najua nyanya anaweza kumwonea mtoto huruma akampa uji kidogo alfajiri. Tafadhali, uji huo uwe wa baadaye. Na kama ameshakula, semeni, hakuna atakayewapiga. Bora tungoje.

Mgonjwa akirudi wodini, anayemwuguza asilale. Ikiwa hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto kwa sekunde 5, au anaona vitu viwili viwili, au anashindwa kumeza mate, au pumzi ni fupifupi, huenda dawa haijaisha. Muite nesi mara hiyo. Msingoje raundi ya asubuhi.

KATIKA WODI YA WAGONJWA MAHUTUTI

Kuna mahali pengine dawa hii inatumika, ni ile wodi watu wanayoiita ICU. Wodi za namna hiyo zilitokana na shida. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipigwa na polio. Ugonjwa uliwalegeza wagonjwa misuli ya pumzi, kama vile dawa yetu inavyofanya. Kati ya 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine za wakati huo, walikufa 27. Ndipo wakamwita Dk. Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa ya usingizi, aliyezoea kuwapumulia watu waliolegezwa thieta. Akaanza na msichana wa miaka 12: akampitishia mpira kooni, akafinya mfuko kwa mkono. Msichana akapona. Mashine hazikutosha, basi wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu kwa miezi, usiku na mchana, kila mmoja akifinya mfuko kwa mgonjwa wake. Vifo vikapungua sana. Hebu fikirini: ile ilikuwa harambee ya pumzi.

Leo katika wodi hizo tunawalegeza baadhi ya wagonjwa wenye mapafu mabaya sana ili wasipigane na mashine, kama ilivyofanyika kwa wengi wakati wa Korona kuanzia 2020. Pia wenye pepopunda kali, ambao misuli inakaza mpaka pumzi inabanwa. Lakini si kwa kila mgonjwa. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuwalegeza wenye mapafu mabaya kwa siku mbili kuliokoa wengine. Utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, mwaka 2019, haukuona faida hiyo kwa wote. Kwa hiyo madaktari huchagua, na huacha mapema iwezekanavyo, kwa sababu mtu akikaa hivyo muda mrefu misuli hudhoofika, na huenda ikachukua wiki au miezi kupata nguvu tena.

Ninyi jamaa mnaokwenda kumtazama, kumbukeni mambo mawili. La kwanza, msimhukumu kwa kutosogea kwake. Mtu aliyelegezwa hafungui macho hata ukimwita, hata kama ubongo wake ni mzima. Kabla ya kusema "huyu amekwisha" au kukubali uamuzi wowote mkubwa, ulizeni: "Je, bado yuko chini ya dawa ya kulegeza misuli?" Daktari hawezi kupima kama ubongo umekufa wakati dawa hiyo ingali mwilini. La pili, zungumzeni naye kwa upole. Hupewa dawa ya usingizi pia, lakini huenda anasikia. Msigombanie shamba juu ya kitanda chake.

FRIJI YA CHANJO NI YA CHANJO TU

Jambo hili liwafikie wanakamati wa zahanati. Baadhi ya dawa hizi zinawekwa kwenye baridi, na vichupa vyake ni vidogo kama vya chanjo. Mwezi Septemba 2014, mkoa wa Idlib nchini Syria, watoto 15 walikufa. Chanjo ya surua ilikuwa imechanganywa na atrakuriamu badala ya maji yake. Julai 2018, katika nchi ya kisiwa ya Samoa, watoto 2 walikufa dakika chache baada ya kudungwa chanjo iliyochanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda.

Chanjo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kichupa. Lakini wazazi wa Samoa waliogopa, chanjo zikasimama kwa miezi, na mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Ilipokwisha ilikuwa imeua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Msiache kuchanja watoto kwa sababu ya habari hii. Ulizeni tu swali moja kwenye mkutano wa kamati: je, katika friji yetu ya chanjo kuna dawa nyingine yoyote? Jibu linalotakiwa ni hapana.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, orodha hiyo inauliza kama kifaa cha kupima oksijeni kimewekwa kwake na kinafanya kazi. Mna haki ya kuuliza hospitali yenu swali hilo, kwa heshima. Ulizeni pia: Nani atakaa na mgonjwa, na amesomea kazi hiyo? Oksijeni iko? Stima ikipotea, jenereta inawaka, na mfuko wa kufinya kwa mkono uko karibu?

Mkisikia kwamba kuna upungufu, msiishie kulaumu. Kifaa cha kidole na mfuko wa mkono si vitu vikubwa kama jengo, na vikundi vyenu vimeshachanga kwa mambo makubwa kuliko hayo. Ongeeni kwanza na hospitali wawaambie aina inayofaa, msije mkanunua kitu kitakachokaa kabatini. Tena kila nyumba ijiandikie karatasi: nani alipata taabu na dawa ya usingizi, nani ana ugonjwa gani, nani anatumia dawa gani. Siku ya dharura, usiku wa manane, hakuna anayekumbuka vizuri.

Nikimaliza, niseme hivi: mgonjwa aliyelegezwa hana mkono wa kuinua wala sauti ya kuomba. Usalama wake ni ule mliousema kabla hajaingia, na ni yule anayekaa kichwani pake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mtu aliyelegezwa misuli anaweza kuumia bila mtu yeyote kujua?
2. Je, katika koo zetu kuna mtu aliyepata shida na dawa ya usingizi? Tulimweleza daktari?
3. Tunaponyunyiza dawa shambani tunajikinga vipi? Chupa zenye lebo tunazitunza wapi?
4. Nani kati yetu ataiuliza zahanati juu ya friji ya chanjo, na atatuletea jibu lini?